Baiskeli ya Kuazima Haina Aibu

Mwezi wa Agosti 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwendesha baiskeli wa Nigeria, Ese Ukpeseraye, aliingia katika velodromu ya Saint-Quentin-en-Yvelines na kushindana katika mbio za keirini akiwa juu ya baiskeli ya Wajerumani. Alikuwa amekwenda Ufaransa kwa ajili ya mbio za barabarani. Taarifa kwamba angeshiriki pia keirini na mbio fupi za kasi ilimfikia kwa kuchelewa, na baiskeli ya uwanjani hakuwa nayo. Timu ya Ujerumani ikamwazima moja. Akapanda, akashindana, hakufika mbali, kisha akawashukuru Wajerumani hadharani kwa maneno machache ya adabu.

Habari ilipotufikia, mashabiki wa Afrika waligawanyika makundi matatu. La kwanza lilicheka. La pili liliwasifu Wajerumani kwa moyo wao mwema. La tatu lilikasirika kwa siku mbili, kisha likarudi kwenye mpira wa miguu. Hoja yangu ni kwamba makundi yote matatu yalimfanyia kazi mtu mmoja, naye ni yule aliyepaswa kuhakikisha kwamba mchezaji anayebeba bendera ya taifa ana chombo cha kuchezea. Kicheko kilimficha, sifa zilimsahaulisha, na hasira fupi ilimpa nafasi ya kukaa kimya mpaka ipite.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma Kiswahili hapa Kigali. Baadhi ya wenzangu wataniuliza: mambo ya Nigeria yanakuhusu nini wewe Mnyarwanda? Yananihusu kwa sababu kicheko kile hakikubaki Nigeria. Nilikisikia bwenini na kwenye foleni ya chakula, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Yananihusu pia kwa sababu nina mdogo wangu wa kike anayeshindana kwa baiskeli katika klabu ndogo ya mtaani. Wasichana watatu wa klabu ile wanapokezana baiskeli mbili. Habari ya Paris ilipofika nyumbani, aliniuliza swali moja tu: "Dada, kumbe hata ukifika Olimpiki bado unaazima?" Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayepiga hesabu ya safari yake na kutaka kujua njia inaishia wapi. Msichana wa miaka kumi na sita akipiga hesabu ya namna hiyo, mimi sioni cha kuchekesha.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi waliocheka walidhani baiskeli ni baiskeli. Walisema: mtu ana baiskeli ya barabarani, si aingie nayo uwanjani? Haiwezekani. Baiskeli ya uwanjani haina breki, na kuna sababu. Wakimbiaji wanakwenda wakiwa wamekaribiana mno, gurudumu la huyu nyuma ya gurudumu la yule, na mmoja akifunga breki ghafla, wa nyuma yake wote wanamrukia. Ina gia moja tu. Gurudumu la nyuma limefungwa na mnyororo moja kwa moja, kiasi kwamba likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na miguu haina ruhusa ya kupumzika. Abanyonzi wetu, wale wanaobeba abiria na magunia kwa baiskeli, wakishuka kilima huacha kupiga pedali na kujiachia. Kwenye baiskeli ya uwanjani hakuna kujiachia. Njia yenyewe ni ya mbao, mzunguko wake ni mita 250, na kwenye kona imeinuka kwa zaidi ya nyuzi 40, mfano wa paa la nyumba. Asiye na mwendo wa kutosha pale juu huteremka kwa ubavu.

Sasa keirini. Mchezo huu ulianzia Japani mwaka 1948, ukiwa mchezo wa watu kuwekea pesa, ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kwa wanaume na mwaka 2012 kwa wanawake. Wakimbiaji huanza kwa kuifuata pikipiki ndogo inayopandisha mwendo polepole hadi karibu kilomita 50 kwa saa. Ikibaki mizunguko mitatu, yaani mita 750, pikipiki inatoka, na hapo kila mtu na mguu wake. Wanasukumana kwa viwiko, wanagombania njia ya chini iliyo fupi zaidi, na mwisho hutenganishwa na upana wa tairi. Mkimbiaji wa mbio hizi huipima baiskeli yake kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi: kimo cha kiti, umbali wa usukani, urefu wa mkono wa pedali, ukubwa wa gia. Akishavipata, hukaa navyo miezi hadi mwili uvizoee.

Tofauti hizo ndogo zina uzito gani? Huko London mwaka 2012, katika fainali ya mbio fupi za kasi za wanawake, Victoria Pendleton wa Uingereza na Anna Meares wa Australia walimaliza mbio ya kwanza wakitenganishwa na sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pendleton ndiye aliyetangulia, kisha akanyang'anywa ushindi huo kwa kutoka nje ya njia yake, na mwishowe Meares akachukua dhahabu. Huo ndio mchezo tunaouzungumzia. Katika mchezo unaopimwa kwa elfu ya sekunde, kumpa mtu baiskeli iliyopimiwa mwili mwingine bila muda wa kuizoea ni sawa na kumwambia mwanafunzi afanye mtihani wa mwisho kwa miwani ya jirani. Akifeli, tutasema hakusoma?

Kundi la kwanza lilisema ndiyo. Nilisikia ikinukuliwa hata methali: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Naiheshimu methali hiyo, lakini hapa ilitumiwa vibaya. Inamwonya mtu anayejipamba kwa mali ya watu ili aonekane ni tajiri. Ukpeseraye hakujipamba. Alikuwa mkimbiaji aliyekwisha kushinda medali katika mashindano ya Afrika ya uwanjani, aliyeitwa kucheza mchezo wake mbele ya dunia na kukuta hakuna chombo. Alikuwa na njia mbili: arudi kwenye chumba chake na kulia, au abishe hodi kwa majirani. Akabisha hodi. Mama anayeishiwa chumvi akaenda kuomba kwa jirani hatumcheki. Tunauliza mwenye kuleta chumvi nyumbani alikuwa wapi. Ukiwa na methali mkononi, angalia kwanza unampiga nani nayo.

Kundi la pili lina moyo mzuri kuliko la kwanza, lakini madhara yake ni makubwa kuliko linavyodhani. Lilisema: tazameni uungwana wa Wajerumani, michezo haina mipaka, dunia ni moja. Kweli, Wajerumani walitenda uungwana na wanastahili shukrani. Mkimbiaji mwenyewe aliwashukuru, na lilikuwa jukumu lake kama mtu aliyefundishwa adabu. Sisi mashabiki tunapoimba wimbo huohuo na kuishia hapo, tunafanya jambo jingine. Tunaibadilisha habari ya uzembe kuwa habari ya upendo. Uungwana wa mgeni haufuti deni la mwenyeji. Mtoto akila kwa jirani kwa sababu kwao hakukupikwa, tunamshukuru jirani, halafu tunakwenda nyumbani kwao kuuliza kwa nini jiko halikuwashwa. Kundi la pili lilikula, likashukuru, likalala.

Kundi la tatu liliuliza, na ndiyo maana linanisikitisha zaidi. Liliuliza maswali mazuri kwa muda mfupi mno. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba taarifa ilichelewa. Tuyakubali hivyo hivyo. Hata hivyo, nafasi zinazoachwa wazi kwenye Olimpiki hugawiwa wengine kila mara, na mkimbiaji huyu hakuwa mgeni kwenye mbao. Mji mkuu wa nchi yake, Abuja, una velodromu iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 2003, na mwaka 2022 mashindano ya Afrika ya baiskeli za uwanjani yalifanyika hapo hapo. Kwa nini basi hakukuwa na baiskeli moja iliyofungashwa tayari, ikisubiri simu? Ikipigwa, anapanda nayo ndege. Isipopigwa, inarudi stoo, na hakuna aliyepoteza kitu.

Swali hilo halikudumu, na ndani ya michezo ile ile ya Paris lilikuwa na ndugu yake. Favour Ofili, mkimbiaji wa mbio za miguu wa Nigeria, alikuwa amefuzu mbio za mita 100, lakini jina lake halikuandikishwa. Alikimbia mita 200 na akafika fainali, akiwaonyesha watu kile ambacho huenda walikikosa katika mita 100. Mmoja alikosa chombo, mwingine alikosa mstari mmoja wa jina kwenye fomu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa nguvu za miguu. Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, ilirudi kutoka Paris bila medali hata moja. Walioyaweka mambo hayo mawili pamoja na kuyafuatilia walikuwa wachache. Wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kicheko kingine.

Hapa ndipo ninapotaka tujilinganishe na mashabiki wa kwingine. Sisemi wao ni bora kuliko sisi. Nasema wana zoea moja ambalo sisi hatuna: wanaujua mchezo, kwa hiyo wanajua cha kuuliza. Chukueni mfano wa tarehe 2 Agosti 2012, London, katika mbio za kasi za timu za wanaume. Katika hatua ya mchujo, kijana wa Uingereza wa miaka 19, Philip Hindes, aliyumba mara tu baada ya kuanza, akaanguka. Sheria ya wakati ule iliruhusu kuanza upya. Waingereza wakaanza upya, wakafika fainali, wakawashinda Wafaransa kwa rekodi ya dunia. Baadaye Hindes akawaambia waandishi kwamba alianguka makusudi ili apate kuanza tena. Viongozi wa timu yake wakasema maneno yake hayakueleweka vizuri, kwa kuwa kijana alikulia Ujerumani. Matokeo hayakubadilishwa.

Mashabiki wakagawanyika, lakini tazameni waligombania nini. Waligombania sheria: je, anayeanguka apewe nafasi ya pili? Ni nani wa kuhukumu kilichomo moyoni mwa mtu aliyeanguka? Je, aliyetumia mwanya wa sheria amekosa, au amekosa aliyeuacha mwanya? Hayo ni maswali yenye anwani. Yanakwenda kwa waandaaji, kwa waamuzi, kwa shirikisho. Mashabiki wa Uingereza hawakuzaliwa nayo. Mwaka 1994 walifunguliwa velodromu Manchester, tangu mwaka 1997 fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuingia kwenye michezo, na kufikia London 2012 nchi yao ilichukua dhahabu 7 kati ya 10 za uwanjani. Mtu aliyekaa karibu na mbao kwa miaka kumi na minane hujua kutofautisha kosa la mguu na kosa la ofisi.

Hata baiskeli yenyewe wanaijadili kwa namna nyingine. Katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, Mwingereza Chris Boardman alishinda dhahabu ya mbio za kufukuzana za mita 4,000 akiwa juu ya baiskeli ya ajabu iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Lotus, kampuni ya magari. Baiskeli ile ikawa maarufu karibu sawa na aliyeipanda. Watu waliuliza: ni mguu au ni chombo? Jibu la haki ni kwamba ni vyote viwili. Lakini nasikiliza tunavyosema na nagundua mizani yetu imepinda. Mzungu akishinda kwa chombo bora, tunasema ni teknolojia, ni maandalizi, ni nchi iliyojipanga. Mwafrika akishindwa kwa kukosa chombo, tunasema ni yeye. Kama chombo kinahesabika kwenye ushindi wa Boardman, kihesabike na kwenye kushindwa kwa Ukpeseraye. Hatuwezi kukipima upande mmoja tu.

Na kicheko hiki kina historia. Sydney, mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya wakati. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, akiwa hoi, huku uwanja mzima ukimshangilia. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona hadi alipofika Australia. Dunia ilimpenda, ikampa jina la utani, ikarudia picha zake miaka na miaka. Naheshimu makofi aliyopigiwa, kwa sababu alimaliza. Lakini makofi yale na kicheko kilichochanganyika nayo vilimfanya awe kichekesho kitamu, na kichekesho kikiwa kitamu hakuna anayeuliza bwawa liko wapi. Moussambani mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa vitendo: baadaye alikuja kuwa kocha wa waogeleaji wa nchi yake. Yeye alikwenda kuijaza pengo. Watazamaji walibaki na picha.

Najua nitapingwa, na napenda kuzijibu hoja tatu nilizokwisha kuzisikia.

Ya kwanza inasema kwamba kicheko ni dawa ya mnyonge, kwamba Mwafrika akiacha kucheka atalia. Nakubali kwamba kipo kicheko cha uchungu, na washairi na watani wetu wamekitumia vizuri tangu zamani. Lakini kicheko cha uchungu humlenga mkubwa. Mtani wa kweli humtania mfalme mbele ya watu mpaka mfalme ajikune. Kicheko cha Agosti 2024 kilimlenga msichana aliyeinama juu ya usukani usio wake, na wakubwa waliokaa jukwaani hakikuwagusa. Huko si kutania. Huko ni kumpiga aliyeanguka.

Ya pili inasema kwamba angekataa, kwamba angejiondoa kulinda heshima ya nchi na ya bara. Wanaosema hivi wanaongea kwa wepesi wa mtu asiyewahi kufanya mazoezi miaka minne kwa ajili ya dakika chache. Tena wanaigeuza heshima juu chini. Heshima ya nchi iliwekwa mikononi mwa wenye vyeo, mihuri na bajeti. Wao ndio wailinde. Kumtaka mchezaji ajitoe ili wao wasiaibike ni kumtaka ailipe deni lao kwa ujana wake. Na swali hili sijalisikia likiulizwa: ni lini tuliambiwa kwamba kiongozi wa msafara ameazima koti la sherehe ya ufunguzi?

Ya tatu inasema kwamba nchi zetu ni maskini, na baiskeli za uwanjani ni anasa. Hoja hii inaonekana nzito mpaka uikaribie. Kama nchi haiwezi kugharamia mchezo fulani, iseme hivyo mapema, isiandikishe mtu. Hilo ni jibu la mtu mzima, na mchezaji atajua mahali pa kutafuta msaada. Lakini ukishaandikisha jina, ukishamvalisha rangi za taifa, umekwisha kusema kwamba unaweza. Tatizo la Paris halikuwa umaskini wa kukosa velodromu, maana velodromu ipo Abuja. Lilikuwa pengo kati ya jina kwenye karatasi na chombo mkononi. Pengo hilo halizibwi na fedha peke yake. Linazibwa na mtu anayeogopa kuulizwa. Na wa kumuuliza ni sisi, kwa kuwa mchezaji mwenyewe akiuliza kwa sauti anaweza kuachwa safari ijayo.

Mtaniuliza kama mashabiki wa huku wanaweza kujifunza. Nimewaona wakijifunza. Septemba 2025 mji wetu wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Nilisimama Kimihurura, kwenye kilima cha mawe, nikiwa nimebanwa na umati. Siku ya kwanza watu walimshangilia kila aliyepita kwa namna moja, kama harusi inapopita barabarani. Kufikia siku ya mwisho, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimweleza mjukuu wake kwa nini mkimbiaji anajificha nyuma ya mwenzake kukwepa upepo, na kwa nini aliyetangulia mapema si lazima ashinde. Watu waliwapigia makofi hata wa mwisho, na nilisikia mama mmoja akiuliza kwa nini huyu wa mwisho hana gari la kumpelekea maji. Wiki moja tu, na tayari mama yule alikuwa amefika kwenye swali ninalolitetea hapa. Hakucheka kwamba kijana amechelewa. Aliuliza nani alipaswa kumpa maji.

Kigali haina velodromu, na mbio za mbao bado tunaziona kwenye skrini tu. Kwa hiyo kuzijua kunahitaji maneno, na hapo ndipo makala haya yanapowahusu wanafunzi wa Kiswahili na walimu wetu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Tunakifundisha kwa ushairi, kwa riwaya, kwa sarufi. Vyema. Lakini Mswahili akitaka kueleza keirini leo, anaishia kusema "wale wanazunguka zunguka." Asiye na maneno ya kueleza jambo hucheka, kwa sababu kicheko hakihitaji msamiati. Ukiwa na neno la gurudumu lililofungamana na mnyororo, la njia ya chini ya uwanja, la kuondolewa ushindi kwa kutoka nje ya mstari, unaweza kubishana. Na ukiweza kubishana, unaweza kudai. Nimejaribu hapa juu kuyaeleza hayo kwa Kiswahili cha kawaida bila kukimbilia lugha nyingine, na sioni kwamba lugha imelemewa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa mwisho, mada ni hii: istilahi za michezo ambayo Waswahili wanaitazama bila kuielewa. Watangazaji wetu wanaihitaji kuliko tunavyodhani.

Nakuja kwenye ninachokitaka, maana lawama bila dai ni kelele. Kabla hatujacheka wala kusifu, tuulize mambo matatu. Nani aliandikisha jina la mchezaji huyu, na lini? Chombo chake kilikuwa wapi siku jina lilipoandikishwa? Na baada ya michezo, nani alisimama mbele ya watu kueleza? Maswali haya hayahitaji ujuzi wa baiskeli. Yanamfaa mwogeleaji, mrusha mkuki, bondia, hata timu ya mpira ya chuo inayosafiri bila jezi za akiba. Yasipojibiwa, yaulizwe tena mwezi unaofuata, na mwaka unaofuata, mpaka kujibu kuwe rahisi kuliko kunyamaza.

Olimpiki ijayo ni Los Angeles, mwaka 2028. Kati ya leo na siku hiyo kuna muda wa kutosha kununua baiskeli, kuipima, kuizoea na kuifungasha. Kuna muda wa kutosha pia wa sisi kujifunza kutazama. Mdogo wangu bado anapokezana baiskeli na wenzake, na zamu yake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Swali lake nimelijibu hivi: kuazima si aibu, mdogo wangu, mradi tu aliyekufanya uazime atajwe, aulizwe, na ajibu. Wanafunzi wenzangu, jibu hilo siwezi kulitimiza peke yangu. Nawahitaji ninyi siku ile, mkiwa mbele ya skrini, mwache kucheka na muanze kuuliza.